Pamba za Mlangoni

Ngazi za kupanda ukumbini zilikuwa kumi na saba, na Mjomba alizihesabu kila Jumapili akiwa na spika mgongoni. Si kwamba alipenda hesabu. Ya tisa ilikuwa imebonyea na ya kumi na tatu haikuwepo kabisa, na asiyehesabu alifika juu akichechemea. Nani aliing'oa hiyo ya kumi na tatu, na aliipeleka wapi, hakuna aliyejua. Bendi yenyewe ilijiita Ngazi Mbovu kwa ajili hiyo, na kama jina zuri ni lile linalosema mambo yalivyo, basi hao walipatia.

Mjomba hakuwa mjomba wa watu wote. Alikuwa mjomba wa mwimbaji tu, mtoto wa dada yake. Mwimbaji alimwita hivyo, mpiga ngoma akadakia, mpiga gitaa akafuata, na mwishowe hata wazee wenye umri wa kumzaa walimwita Mjomba bila kuona haya. Siku za kazi alitengeneza redio na pasi katika kibanda chembamba ambacho mteja akiingia, yeye hana budi kutoka. Jumapili alikuwa fundi wa sauti. Alikaa nyuma kabisa ya ukumbi, mbele ya mashine yenye vifundo vya kuzungusha safu kwa safu, akaamua gitaa lisikike kiasi gani, ngoma kiasi gani, na sauti ya mpwa wake ipae vipi juu ya hayo yote. Kazi hiyo aliifanya mwaka wa tisa sasa.

Miaka tisa, na bado mtangazaji wa redio ya mtaa aliwaita "bendi chipukizi". Mti gani huo unaochipua miaka tisa? Mpiga ngoma, waliyemwita Nyundo, ambaye upara ulikuwa umeshafika katikati ya kichwa, alisema wakimwita chipukizi tena ataomba abebwe mgongoni.

Hata hivyo mwaka huu mambo yalikuwa yamesogea. Wimbo wao mmoja ulisambaa kwenye simu za watu, na wasikilizaji wakaanza kuja kutoka mitaa ya mbali. Wote walitaja jambo lile lile. "Hawa jamaa sauti yao inakata," walisema. Mjomba aliisikia sifa hiyo akavimba kichwa kidogo, maana ukali ule ulitoka mikononi mwake.

Ndipo walipotuma rekodi kwa mratibu wa tamasha, lile kubwa ambalo bendi ikipanda jukwaani mara moja haiitwi tena chipukizi. Rekodi aliitengeneza Mjomba mwenyewe, siku nne bila kugusa pasi ya mtu. Jibu likamjia mpwa wake: mratibu angekuja kuwasikia kwa masikio yake, Jumapili, saa tisa alasiri.

"Amesemaje kuhusu rekodi?" Mjomba aliuliza.

"Amesema nyimbo ni nzuri."

"Na sauti?"

"Amesema anakuja kuisikia mwenyewe, Mjomba."

Alijibu akimtazama usoni, kama kawaida yake. Binti huyo alikuwa na adabu ya pekee, hakuwahi hata siku moja kusema na mjomba wake akiwa amempa kisogo. Mjomba alimsifia dada yake kwa malezi hayo.

Kila mtu alijua Jumapili hiyo ilibeba nini. Mpiga gitaa alikuwa mwalimu wa shule, na alikuwa ameshapata barua ya uhamisho. Alisema wazi kwamba wakiitwa kwenye tamasha ataomba asogezewe tarehe, na wakikosa atafunga gitaa kwenye sanduku aende akafundishe hesabu huko alikopangiwa. Fimbo za ngoma za Nyundo nazo zilikuwa zimefungwa kwa gundi mara tatu, naye hakuwa amenunua mpya. Mtu akiacha kununua fimbo, moyo wake umeshafunga virago.

Na Mjomba alikuwa amechoka. Uchovu wa kubeba spika aliujua, huo ulikaa kiunoni na ukaisha Jumanne. Huu ulikuwa mwingine. Ulimshika kichwani, nyuma ya macho, kila baada ya onyesho, mpaka akifika nyumbani anakaa kitandani na viatu vyake, hataki kusemeshwa na mtu. Aliona ni umri. Mara nyingine aliona ni mashine, kwa sababu mashine nayo ilikuwa imechoka.

Ushahidi wa hilo alikuwa nao. Ilipokuwa mpya, yeye na marehemu mkewe walikaa ukumbini siku nzima, wakatafuta mahali ambapo kila kifundo kinatoa sauti safi katika chumba kile chenye dari la mabati. Kila walipopapata, mkewe aliweka nukta ya rangi yake ya kucha, nyekundu. Nukta hizo bado zilikuwepo. Lakini vifundo vya sauti za juu, zile za matoazi na za herufi kali za mwimbaji, vilikuwa vimeziacha mbali. Mwaka hadi mwaka Mjomba alilazimika kuvipandisha zaidi, kwa sababu sauti ilizidi kuwa nzito na ya matope. Alibadilisha spika ndogo mara mbili, akabadilisha na nyaya. Mashine ikaendelea kufifia. Sasa nukta zilitazama chini na vifundo vilitazama juu.

Jumapili hiyo alifika saa tano, akafagia. Chini ya viti palikuwa na vipande vya pamba kama ilivyo ada, vidogo vidogo, vimesokotwa. Chini ya ukumbi kulikuwa na karakana ya fundi wa makochi, na Mjomba alishazoea. Pamba za mito zilipanda zenyewe kwa upepo, aliamini, na kila wiki aliwalaani kidogo watu wa makochi kwa uzembe wao, kisha akazitia kwenye ndoo.

Saa nane waliingia wenzake. Wakajaribu sauti. Nyundo akagonga, Mwalimu akapapasa nyuzi, mpwa wake akaimba mistari miwili kwenye maikrofoni. Mjomba alinyanyua kidole gumba kuuliza, naye kule jukwaani akanyanyua cha kwake kujibu. Ndivyo walivyozungumza miaka yote.

Kisha umeme ukakatika.

Haukukatika mtaa mzima, maana barabarani kinyozi aliendelea kunyoa. Ilikuwa fyuzi ya ukumbi, na sanduku lake liko chini, nyuma ya mlango wa kuingilia. Saa nane na nusu, wakati watu wanaanza kuingia, Mjomba hakuwahi hata mara moja kuondoka kwenye mashine. Hiyo ilikuwa amri aliyojiwekea. Lakini kati yao wote ni yeye tu aliyejua kubadilisha fyuzi bila kujiunguza, kwa hiyo akashuka, akahesabu, akairuka ya kumi na tatu.

Mlangoni alikaa mke wa fundi wa makochi, aliyeitwa Mama Makochi, na sauti yake ilikuwa ya kuuzia sofa upande wa pili wa barabara. Mbele yake palikuwa na foleni. Kwa mkono wa kulia alikata tiketi. Kwa mkono wa kushoto alichomoa pamba kutoka kwenye mfuko mkubwa, akampa kila anayepita vipande viwili.

Mjomba alisimama nyuma ya mlango akiwa na fyuzi mkononi. Aliwaona watu wazima, watu anaowafahamu kwa sura na kwa viti vyao, wakisokota pamba bila kuuliza, wakaziweka masikioni, wakapanda. Walifanya hivyo kwa wepesi wa mtu anayevua viatu mlangoni kwake.

Mgeni mmoja mwenye kofia ya kitambaa na daftari kwapani ndiye aliyeuliza, uso ukielekea mlangoni. "Hii ya nini, mama?"

"Ya masikio, baba. Sokota hivi. Fundi wetu masikio yake yamechoka, anaweka sauti kali mno. Lakini ni mtu mwema, na bendi ni nzuri. Usimwambie."

"Yeye hajui?"

"Ajue wapi? Na ukicheka, huingii. Hilo ndilo sharti la hapa."

Mgeni hakucheka. Alisokota pamba zake kwa uangalifu, akaandika kitu kwenye daftari, akapanda ngazi. Kwenye ya kumi na tatu alijikwaa.

Mjomba aliweka fyuzi mahali pake. Ilimchukua muda, na taa ziliporudi alibaki ameshika kifuniko cha sanduku kama amesahau kinafungwa vipi. Aliona aibu. Aliona aibu kubwa, na chini ya aibu hiyo kulikuwa na hasira ambayo haikujua imrukie nani. Mpwa wake alikuja kumtafuta. Alikuta macho yake yakiwa kwenye mfuko wa pamba, na hakuhitaji kuelezwa.

Wakaingia karakana ya makochi, katikati ya viti vitupu visivyo na ngozi.

"Tangu lini?" Mjomba aliuliza.

"Mwaka wa tatu huu."

"Hebu geuka."

"Mjomba..."

"Geuka huko, unipe mgongo. Halafu niambie neno lolote."

Akageuka. Mjomba aliona mabega yake yakipanda kuvuta pumzi, akasikia sauti yake, ile sauti aliyoijua tangu ikiwa ya kulilia uji. Ilikuwepo. Ilivuma kama mtu anayeongea chumba cha pili na mlango umefungwa. Lakini maneno hayakuwemo. Alisubiri, akasogea hatua moja, akakaza uso jinsi anavyoukaza kila Jumapili, na bado hayakuja.

"Umesemaje?"

Akamgeukia. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. "Nimesema nisamehe."

Kumbe adabu ile haikuwa adabu. Au labda ilikuwa adabu kuliko alivyofikiria, Mjomba hakuwa na nafasi ya kuamua. Alikaa kwenye kochi lisilo na mto, na chuma kikamchoma.

"Mmenifanya kichekesho, mama." Alimwita hivyo tangu utotoni, kwa kuwa alirithi jina la bibi yake. "Mtaa mzima."

"Hakuna aliyecheka. Mama Makochi alimfukuza mtu mmoja kwa kutabasamu tu."

"Na ile rekodi?"

Akatoa simu, akamwonyesha. Ujumbe wa mratibu ulikuwa mfupi: nyimbo nzuri, mwimbaji mzuri, sauti inaumiza masikio. Wekeni fundi mwingine, nitakuja kuwasikia Jumapili saa tisa. Chini yake mpwa wake alikuwa amejibu kwa neno moja, sawa.

"Ulijibu sawa. Mbona hukutafuta mwingine?"

"Nilitafuta. Nilimpata mmoja wa kule kwenye hoteli, kijana mzuri tu. Akaniuliza aje saa ngapi." Akafuta pua kwa kiganja. "Nikashindwa kumtajia saa. Ningekuambia ukae wapi, Mjomba? Kwenye viti, na pamba?"

Ndio hivyo. Walikuwa wamefika siku yenyewe, mratibu yuko juu na masikio yameshazibwa, na binti huyu alikuwa tayari kuipoteza safari kuliko kumwondoa yeye kwenye kiti. Mjomba alimtazama akapandwa na hasira upya. Mtu mzima hapewi zawadi ya namna hii bila kuulizwa kama anaitaka. Ingekuwa siku nyingine angechukua koti lake akaenda zake. Lakini ilibaki robo saa, mwenzake wa hotelini hakuwepo, na mashine haijui kujiendesha.

"Panda," alisema. "Kaimbe."

"Wewe je?"

"Nimesema kapande."

Alipanda baada yake, polepole, akapita kati ya watu wake. Wakamsalimia kama siku zote. Shikamoo, Mjomba. Za tangu jana, Mjomba. Sasa aliziona pamba kila sikio, nyeupe, za wazi kabisa, na akashangaa mtu mwenye macho anawezaje kukaa miaka mitatu asione. Mwenye kofia alikuwa ameketi safu ya tatu.

Mjomba alikaa, akaitazama mashine. Haikuwa imechoka hata kidogo, maskini. Ilikuwa imesingiziwa. Alikitafuta kifundo cha kwanza, cha matoazi, akakizungusha kurudi chini mpaka kikakutana na nukta nyekundu. Akaenda cha pili. Akaenda cha mwimbaji, na hapo mkono ulisita, kisha nacho akakirudisha kwenye nukta. Vyote kumi na viwili. Mkewe alikuwa na mkono mwepesi, nukta zote zilikuwa sawasawa, na Mjomba alikumbuka alivyokuwa akizipuliza zikauke.

Akanyanyua kidole gumba. Kule jukwaani mpwa wake alichelewa kujibu.

Nyundo akahesabu, wakaanza.

Ilikuwa mbaya. Kwa masikio ya Mjomba ilikuwa mbaya kupita kiasi. Bendi nzima ilizama chini ya blanketi. Nyuzi nene za gitaa zilivuma, ngoma kubwa ilipiga, lakini matoazi yalicheza hewani bila sauti, na Nyundo alionekana kama mtu anayefukuza nzi. Mpwa wake alifungua kinywa ikatoka ile sauti ya chumba cha pili. Kila kitu katika mwili wa Mjomba kilimwambia apandishe. Mkono wa kulia ulishafika kwenye kifundo. Akautoa, akauweka chini ya paja lake, akaukalia.

Hakujua kama amepatia. Hilo ndilo lililomtesa, kwamba hakuwa na njia ya kujua. Ilimbidi awatazame watu.

Wimbo wa kwanza ukaisha, watu wakapiga makofi ya adabu. Katikati ya wimbo wa pili, fundi wa makochi, ambaye miaka yote hukaa karibu na spika ya kushoto, alikunja uso kama mtu aliyeitwa na hajui nani amemwita. Akachomoa pamba ya sikio moja. Akakaa hivyo kidogo, kichwa upande. Kisha akachomoa na ya pili, akamgusa jirani yake begani.

Jirani akatoa. Nyuma yao mama mmoja akatoa, akamtolea na mumewe bila kumwomba ruhusa. Ikaenda hivyo safu kwa safu, mikono ikipanda masikioni na kushuka, na pamba zikaanguka sakafuni chini ya viti, pale pale anapozifagia kila wiki. Wengine waligeuka kumtazama. Mjomba aliangalia vifundo vyake, kwa sababu macho yalikuwa yameanza kumjaa.

Jukwaani, mpwa wake aliona. Alikuwa ameshika maikrofoni kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akachomoa pamba zake mwenyewe, akakosea kuingia kwenye kiitikio. Mwalimu akazunguka na gitaa mara moja zaidi kumsubiri. Alipoingia, aliimba akimtazama Mjomba, akiyatamka maneno moja moja kwa midomo, na Mjomba akayasoma yote.

Mwenye kofia alikuwa wa mwisho. Alizitoa pamba, akaziweka mfukoni, akafunga daftari na hakulifungua tena.

Baada ya onyesho, jua likiwa bado linaingia kwa dirisha la upande, alikuja nyuma kwenye mashine. Mpwa wake alikuwa ameshafika, amesimama akiwa na jasho lake. Mratibu akasema kitu huku akiinama kuangalia zile nukta nyekundu, na Mjomba hakukipata. Binti akamgeukia mjomba wake, akasema kwa kumtazama usoni.

"Anauliza kama wewe ndiye fundi mpya."

Alimtazama kwa namna ya kumwomba akubali. Neno moja tu, na safari ingekuwa yao wote wanne. Mjomba alilionja neno hilo mdomoni. Lilikuwa tamu.

Lakini kwenye tamasha kungekuwa na mashine nyingine, na uwanja mwingine, na hakuna mtu aliyepita huko na rangi ya kucha.

"Mimi ni wa zamani," alisema. "Ile rekodi niliiharibu mimi. Leo nimefuata alama tu, na alama hizi ni za chumba hiki. Huko kwenu watakuja na kijana mmoja wa hotelini. Mwambie saa, mama, asichelewe."

Mratibu alivua kofia. Alisema maneno kadhaa na kumpa mkono, akaushika muda mrefu kama mtu anayemaanisha, na mpwa wake hakuyatafsiri kwa sababu alikuwa ameuficha uso begani kwa Mjomba. Mjomba alimpigapiga mgongo. Ule uchovu wa nyuma ya macho aliutafuta, akakuta haupo. Kumbe ulikuwa wa kusikiliza. Miaka mitatu alikuwa amesukuma mlango uliofungwa, kila Jumapili, kwa nguvu zake zote.

Sasa alikuwa amechoka kiunoni tu, kama mtu yeyote aliyebeba spika.

Watu walipokwisha, alifagia. Pamba zilikuwa nyingi kuliko siku zote, ndoo ikajaa. Akaishusha kwa fundi wa makochi, akihesabu ngazi.

"Zako hizi," alimwambia. "Na nitengenezee mto mmoja wa kukalia. Jumapili nakaa kwenye viti."

"Safu ya ngapi, Mjomba?"

Mjomba alikuwa akimtazama midomo.

"Ya mbele," alisema. "Nimwone anavyoimba."